Nyumba ya bibi Kariakoo imebaki peke yake katikati ya maghorofa: mliokulia mjini na wenye uzoefu wa ubia, naombeni mawazo

#1 Mjukuu wa Narung'ombe

Wakuu, salaam zenu.

Jumapili ya wiki ijayo familia yetu inakaa kikao cha kuamua hatima ya nyumba ya bibi iliyopo Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Naandika kabla ya kikao kwa sababu najua humu wapo waliozaliwa mitaa ile, wapo wenye fremu za maduka, wapo wahandisi, na wapo ambao familia zao zilishaingia ubia na wawekezaji. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnishauri.

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya vyumba sita. Mlango uko katikati, ukumbi unanyooka hadi uani, vyumba vitatu mkono wa kulia na vitatu mkono wa kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo na mwarobaini mmoja. Mbele kuna baraza ya saruji ambayo bibi alikuwa akiipaka rangi nyekundu kila mfungo ukikaribia. Yeye na wanawe walikaa vyumba viwili, vinne akapangisha. Nawakumbuka fundi cherehani aliyeshona sare za shule za watoto wa mtaa mzima, mama mmoja wa Kimanyema aliyekuwa akikaanga maandazi alfajiri, kuli wa bandarini, na mwalimu wa madrasa. Kodi ilipokelewa barazani, na aliyekwama alikuja kusema palepale barazani kwamba mwezi huu amekwama. Mimi nimelelewa na nyumba nzima. Nikiugua, aliyenipeleka hospitali ya Mnazi Mmoja ni yeyote ambaye siku hiyo hakuwa na zamu kazini.

Sasa kulia kwetu kuna jengo la ghorofa tisa, kushoto la ghorofa kumi na moja, na nyuma wanachimba msingi wa jingine. Jua linaingia uani saa sita mchana na kabla ya saa nane limeshaondoka. Nguo hazikauki. Maji ya viyoyozi yanadondokea bati zetu usiku kucha. Mwarobaini umerefuka mwembamba, majani yote yako juu kabisa. Na tangu waanze kuchimba kule nyuma, ukuta wa chumba cha mama umepasuka kutoka kona ya dirisha kwenda darini.

Mama ana miaka 71 na bado anaishi humo, yeye na mpangaji mmoja na mjukuu anayesoma sekondari. Nyumba nyingine za chini katika mstari wetu zimekwisha.

Mwekezaji anataka hivi: ajenge ghorofa kumi kwa fedha zake, achukue fremu zote za chini na za mezanini kwa miaka 25, sisi tupewe sakafu mbili za juu. Wenye haki ni mama, dada zake wawili, mjomba mmoja, na watoto wa mjomba aliyetangulia mbele ya haki. Wengi wanataka tusaini. Siwalaumu. Mmoja ana mtoto chuoni, mwingine figo zinamsumbua, na chumba cha urithi hakinunui dawa.

Kinachoninyima usingizi ni mambo mawili.

La kwanza. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu lilipoungua, mama alifungua mlango. Wafanyabiashara waliokuwa wakiokoa mali wakaanza kuingiza mabunda ukumbini kwetu. Hawakuwa wanatufahamu, ila katika kipande chetu cha mtaa ule ndio mlango pekee uliokuwa na mtu wa kuufungua saa ile. Kwingine kote ni milango ya chuma na makufuli, na wenye funguo wako Mbezi, Tabata na Kigamboni. Alfajiri nilimkuta mama amesinzia kwenye kiti cha plastiki, mabunda yamefika darini. Kila aliyeweka chake alikuja akakichukua.

La pili. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki kabla nyumba yao haijavunjwa. Nyie mnajua msiba wa Kariakoo ulivyokuwa: turubai mbele ya nyumba, mikeka, mabenchi ya kuazima mtaa mzima, chungu kinapikwa barabarani. Safari hii turubai halikuwa na pa kusimama, fuso za mizigo zimejaa pande zote mbili. Tulikaa ukumbini, na mwenye duka la mabegi jirani akafunga nusu siku ili watu wapate kivuli mbele ya fremu yake. Mungu ambariki. Wakati wa kutoka na jeneza kwenda makaburi ya Kisutu tulitazamana tukaona wabebaji hatutoshi. Mawinga, wale madalali wanaowatafutia wenye maduka wateja barabarani, wakaacha wateja wao wakaja kuingiza mabega. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona marehemu.

Basi naomba mnisaidie: upo ubia unaoweza kujenga ghorofa na bado ukaacha watu wanaishi pale, watu wa kujuana, wa kuzikana? Au nadai kitu ambacho mji umeshakipita?

#2 Mzee wa Gerezani

Mjukuu wangu, umenitoa machozi, na mimi si mtu wa machozi.

Nimezaliwa Gerezani, nikaoa Mtaa wa Swahili, nikaishi Kariakoo mpaka 1998. Hilo jina la mtaa wenu ulishawahi kuelezwa? Narung'ombe ni mahali kule Kilwa palipopiganwa vita mwezi Julai 1917. Mahiwa, mtaa mwingine wa hapo Kariakoo, ni vita vya Oktoba mwaka huohuo, upande wa Lindi. Tandamti vilevile. Na Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliowekwa pale baada ya Wajerumani kuupoteza mji mwaka 1916. Banda kubwa la soko Wajerumani walilijenga kwa shughuli zao, vita vikaingia, Waingereza wakawalaza wapagazi humo na kulizunguka. Waafrika wa kila kabila, wamebebeshwa risasi na unga mpaka wakafa kwa maelfu njiani, na waliobaki wakaacha jina la kazi yao kuwa jina la mtaa. Kila ninapoona mtu anasema Kariakoo haina wenyewe, nakumbuka hilo.

Mnajua pia kwamba mji huu ulikatwa vipande vitatu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, Uswahilini huku kwetu. Mnazi Mmoja ulikuwa uwanja wa kututenga nao. Kwa hiyo Mwafrika aliyepata kiwanja Kariakoo alipata mahali mjini pa kujenga nyumba akaiita yake. Bibi yako kumiliki nyumba pale, tena mwanamke, ni jambo kubwa. Wanawake wengi wa Kariakoo walijenga kwa pesa za maandazi, vitumbua na kodi ya vyumba. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapohapo, kwenye nyumba ya mtaa ambao sasa ni Lumumba. Mikutano yetu ilikuwa Mnazi Mmoja, dansi ukumbi wa Anatoglo, na habari zote zilipikwa barazani kwa kahawa na kashata kabla ya kufika kwenye gazeti.

Soko jipya lilipofunguliwa mwaka 1975 nilikuwa pale. Alilichora kijana wetu, Beda Amuli, wakati wasanifu majengo Waafrika ukanda huu wote unawahesabu kwa vidole. Ile paa yake kama miavuli imesimama kwa mguu mmoja mmoja, na magari ya mizigo yanaingia kule chini Shimoni. Tulikwenda na watoto kulitazama kama watu wanaokwenda kutazama meli.

Nakuambia yote haya ili usije ukadhani kwamba mabadiliko ni ugeni. Kariakoo imebadilika kila kizazi. Lakini kila mara, wakazi walibaki. Safari hii ndiyo ya kwanza naona mtaa unajengwa na mtu hatakiwi kulala humo.

#3 Mama Fremu

Shikamoo mzee, na pole kaka kwa yote.

Mimi ni upande wa pili, wa wafanyabiashara, na nitasema kwa heshima zote. Kariakoo ndiyo iliyonivusha. Nimetoka Makambako 2009 na begi moja. Nilianza na meza ya kanga Mtaa wa Congo, mpaka Oktoba 2021 wamachinga tulipoondolewa barabarani. Siku ile nililia, lakini nilikuwa na akiba kidogo, nikashirikiana na wenzangu wawili tukatoa kilemba, ile pesa ya kumpa mwenye fremu ili akuachie, tukapata fremu. Kilemba chenyewe ni pesa ya kukufanya usilale miezi mitatu, na hapo kodi bado haijahesabiwa. Leo nina wateja wa Songea, wa Lubumbashi, wa Zambia. Watoto wanasoma. Kwa hiyo mtu akisema fremu zimeharibu mtaa, kaka, naumia, kwa sababu ndani ya fremu kuna mtu kama mimi.

Ila nikiri kitu. Mei 2023 tulipogoma tukafunga maduka, siku ya pili nilikwenda kukagua fremu yangu. Mtaa ulikuwa kimya. Nikasikia mtoto analia huko juu, na mtu anatwanga kitu kwenye kinu. Nilisimama nikainua macho. Miaka yote ile sikuwahi kujua kwamba juu ya kichwa changu kuna familia. Nilipanda siku nyingine nikajitambulisha. Sasa yule mama ndiye anayenipigia simu akisikia kufuli inagongwa usiku. Mlinzi wa jengo tunamlipa wote, na mwaka ule aliwahi kuondoka tusijue.

Sasa tumeingia biashara ya saa 24, taa zimewekwa, na mimi naiunga mkono. Lakini saa nane za usiku mtaa hauchangamshwi na taa peke yake. Panatakiwa watu ambao hapo ni kwao.

Kuhusu ubia sina utaalamu. Nachojua, fremu za chini ndizo zenye pesa. Sakafu za juu bila lifti ya uhakika hakuna mteja anapanda. Huyo mwekezaji amechukua nyama, amewaachia mifupa.

#4 Uza Ugawane

Mkuu, nitaandika kifupi. Sisi tuliuza moja kwa moja 2014, nyumba ya baba mkubwa, karibu na Msimbazi. Tulikuwa warithi tisa. Pesa ilikuja, kila mtu alipata chake, hakuna aliyedhulumiwa. Dada alijenga Chanika, mimi nilinunua kiwanja Mbagala na kumaliza nyumba ya kuishi. Bila ule mgawo ningekuwa napanga mpaka leo. Sijutii.

Ila bibi yetu tulimhamishia Chanika akiwa na akili timamu kabisa, na kila jioni alikuwa anauliza gari la kurudi mjini linapita saa ngapi. Aliishi mwaka mmoja na miezi. Na Idi hatuna tena mahali pa kukutania, kila mtu anasalimia kwa simu. Hilo halikuwa kwenye mahesabu yetu. Muulize mama yako kwanza, kabla hujatuuliza sisi.

#5 Ghorofa ya Nane

Naishi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya nane, mimi na mume wangu na watoto watatu. Nimeona niseme kwa sababu watu wanadhani haiwezekani.

Inawezekana, na ina raha yake. Mume anatembea kwa miguu kwenda kazini. Shule iko karibu. Mwendokasi naipanda Gerezani nimekaa. Saa kumi alfajiri nasikia adhana kutoka misikiti minne, kila mmoja na sauti yake.

Lakini jengo letu lilipokwisha lilikuwa na familia kumi na sita. Sasa tumebaki sita. Nyumba nyingine zote zimegeuzwa godauni. Mlango unaotazamana na wangu ni viatu kutoka chini mpaka darini. Ghorofa ya tano ni vifaa vya simu na betri zake. Ghorofa ya sita ni mapazia na sponji. Siku yakitokea ya kutokea, watoto wangu wanashuka wapi? Ngazi yenyewe ni moja na asubuhi imejaa mabunda yanayosubiri kushuka. Nimekwenda kulalamika mahali panapohusika mara tatu, na kila mara nimeambiwa niandike barua. Nimeandika.

Lifti inafanya kazi, lakini makuli wanaijaza mizigo, hivyo mimi na ndoo yangu ya sokoni tunapanda kwa miguu. Pampu ya maji ikiharibika, anayeumia ni anayeoga, na kwenye vikao vya jengo wanaooga ni wachache kuliko wanaohifadhi mali. Tunashindwa kura.

Kaka, mkisaini, hakikisheni mkataba unasema wazi kwamba sakafu za makazi ni za makazi. Zisiwe na ruhusa ya kuhifadhi bidhaa hata chumba kimoja. Mkiwaachia mlango mmoja, ndani ya miaka mitatu mtakuwa mnalala juu ya godauni.

#6 Fundi wa Zege

Mimi ni mhandisi wa majengo na nimesimamia kazi kadhaa katikati ya jiji. Nimechelewa kuingia kwenye uzi, lakini huo ufa umenifanya niache nilichokuwa nafanya.

Mkuu, tuanze na ufa kabla ya mkataba. Udongo wa kule ni mchanga na maji yako karibu. Ukichimba kwenda chini kwa ajili ya sakafu ya chini ya ardhi, lazima upampu maji ili mafundi wafanye kazi. Sasa maji yale hayatoki kwenye kiwanja chako tu. Yanavutwa na kwa jirani, mchanga wa chini ya msingi wake unakaa upya, na msingi unashuka upande mmoja. Nyumba ya Kiswahili ina msingi mfupi. Haikujengwa ikitarajia shimo la mita sita ubavuni. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari ndiyo dalili yenyewe. Kingo za shimo zinatakiwa kuzuiwa kwa nguzo au ukuta maalumu kabla ya kuchimba, na mkandarasi anatakiwa awe ameikagua na kuipiga picha nyumba yenu kabla hajaanza. Je, alifika? Kama hakufika, andikeni barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa na halmashauri ya jiji, muhifadhi nakala iliyogongwa muhuri. Tazameni na bango la ujenzi pale nyuma: linatakiwa lioneshe mkandarasi, msanifu, mhandisi na namba za kibali. Bango likikosekana, hilo nalo liandikeni kwenye barua.

Sisemi haya kuwatisha. Machi 29, 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, jengo lililokuwa likijengwa lilianguka na watu 36 wakafa. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024 likaporomoka jengo la Mchikichi na Congo, dakika chache kwa miguu kutoka kwenu, maduka yakiwa wazi. Walikufa zaidi ya watu 20. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosimama pale nje ya utepe siku ya pili, na tangu hapo kila jengo ninaloingia naangalia nguzo za chini kwanza. Watu wanapanua fremu kwa kukata ukuta, wanachimba chini ya jengo lililokwisha kukaa, wanaongeza sakafu juu ya msingi uliopigiwa hesabu ya sakafu chache. Na hapa nakubaliana na mwenye uzi moja kwa moja: ufa hautambuliwi na mtu anayefika saa tatu na kufunga saa kumi na mbili. Unatambuliwa na anayelala humo, anayejua jana mlango ulikuwa unafunga na leo haufungi.

Sasa mkataba. Haya nimeyaona kwa macho yangu.

Hati ya kiwanja isitoke mikononi mwa familia kwenda kuwekwa dhamana benki. Wawekezaji wengi "fedha zao" ni mkopo juu ya hati yenu. Akishindwa kulipa, mnada unaitwa kwenu. Msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama na warithi wote wasaini, hata watoto wa mjomba wenu marehemu. Kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayowezesha kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake. Daini hati za sehemu zenu zitolewe jengo likikamilika, msisubiri miaka 25 iishe. Na hesabu ya miaka ianze tarehe iliyoandikwa, isianze "baada ya ujenzi kukamilika", kwa sababu jengo linaweza kukosa rangi ya ngazini miaka kumi na likawa halijakamilika.

Ukitaka, nitumie ujumbe faragha. Nitapita kuuona huo ukuta. Sihitaji malipo.

#7 Wa Majengo, Nairobi

Habari zenu ndugu zangu wa Dar. Nimeufuata uzi huu tangu jana kwa sababu na sisi tuna Kariokor yetu hapa Nairobi, jina lilelile, la wapagazi walewale. Mimi ni wa Pumwani, Majengo. Nyumba zetu za udongo na mabati zilikuwa na mpango huohuo: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, mwenye nyumba mara nyingi ni mama mzee wa Kiislamu. Jirani zetu wa Eastleigh wameinuka maghorofa mpaka jua limepotea, kama anavyoeleza kaka.

Kwetu waliotaabika zaidi ni wapangaji. Mwenye nyumba alilipwa au alipewa sehemu, lakini mpangaji wa miaka thelathini aliambiwa mwisho wa mwezi. Kaka, umemtaja mpangaji mmoja aliyebaki. Naye ana sauti kwenye kikao chenu?

#8 Mjukuu wa Narung'ombe

Nimesoma zote. Nimezisoma nyingine kwa sauti, mama akiwa anachambua mchele.

Dada Mama Fremu, nisamehe kama nilikuumiza. Hao mawinga waliobeba jeneza ni ninyi. Nilichotaka kusema ni kwamba mlikuja kubeba kwa wema wenu, na mtaa haukuwa umewapa nafasi ya kutujua kabla ya siku ile.

Uza Ugawane, nilifuata ushauri wako nikamuuliza. Kwa kweli nilikuwa sijawahi kumuuliza. Miaka yote tumekuwa tukijadili nyumba akiwa amekaa hapohapo, tunamwita "mama tutamtafutia mahali". Alinyamaza kidogo kisha akasema anachokiogopa si ghorofa, amechoka na ngazi za choo cha uani na akipata choo cha ndani atamshukuru Mungu. Anachokiogopa ni kupelekwa mahali ambapo akianguka usiku, wa kwanza kujua atakuwa mtu wa kuuza maziwa asubuhi.

Wa Majengo, umenigusa. Mpangaji wetu ni fundi saa, yuko chumba cha mbele kushoto tangu 1987. Hakuwa kwenye orodha ya kikao. Nimemwambia mjomba, atakuwepo.

Fundi wa Zege, nimekutumia ujumbe.

#9 Mzee wa Gerezani

Mwambieni huyo fundi saa kwamba Mzee wa Gerezani anamsalimu. Kama ndiye ninayemdhania, alinitengenezea saa ya ukutani mwaka 1991 na hadi leo inapiga.

#10 Mjukuu wa Narung'ombe

Wakuu, mrejesho.

Kikao kilikaa jana kuanzia saa nne mpaka magharibi. Hatujasaini.

Halikuwa jambo rahisi. Mama mdogo mwenye figo aliondoka mara moja kwa hasira na haki alikuwa nayo, maana kila mwezi tukichelewa yeye ndiye anayelipa kwa mwili wake. Tulikubaliana kwanza kwamba dawa zake tuzichangie wote kwa utaratibu, kila tarehe tano, ili uamuzi wa nyumba usifanywe na maumivu ya mtu mmoja. Mjomba alishika daftari. Baada ya hapo ndipo tukaweza kuongea.

Tumemwandikia mwekezaji masharti. Hati inabaki kwetu na haiwekwi dhamana. Sehemu zetu zipate hati zake jengo likiisha. Miaka yake ishuke, na fremu mbili za mbele ziwe za familia tangu siku ya kwanza, moja kwa kodi ya kutunza wazee, ya pili kwa fundi saa kwa kodi atakayoimudu. Sakafu tatu ziwe makazi na ziandikwe hivyo, marufuku kuhifadhi bidhaa. Ngazi mbili. Na sakafu ya kwanza juu ya mezanini kuwe na ukumbi wa jengo zima, usio na mpangaji, wa misiba, madrasa na vikao. Hilo la mwisho lilitoka kwa mama mwenyewe. Alisema kama turubai halina mahali chini, basi liwekwe juu.

Mwekezaji alisoma mbele yetu. Ya hati na ya ngazi amekubali. Ya ukumbi alisema mita zile zinaweza kuwa fremu nane na akataja kodi yake kwa mwezi. Sakafu za makazi amesema atafikiria. Ameomba muda, tukampa. Wengine wa familia wanaamini hatarudi. Inawezekana. Nami nimewaambia wazi kwamba asiporudi nitabeba lawama.

Barua ya ufa tumepeleka serikali ya mtaa na jiji, nakala ipo na muhuri. Upande wa nyuma wamesimamisha kuchimba tangu Alhamisi, hatujui kwa muda gani.

Fundi wa Zege alikuja kama alivyoahidi, Ijumaa baada ya sala, na begi la vifaa. Alikagua chumba kwa chumba, akagonga kuta, akalala chini kuangalia msingi uani. Mama akampikia wali na samaki. Kabla hajaondoka alikata vipande vitatu vyembamba vya kioo, akavibandika kwa saruji kuukatiza ufa: kimoja karibu na dirisha, kimoja katikati, kimoja chini ya dari. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Pembeni ya kila kimoja ameandika tarehe kwa penseli.

Mama anavitazama kila akiamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, kwa tochi ya simu. Leo vilikuwa vizima vyote vitatu.